Viatu vya Baba Miguuni mwa Mathe

Kwa wewe uliyeazima gazeti la wiki jana na mwenyewe akalichukua kabla hujamaliza, nakusimulia haraka, maana leo sina subira na mtu, hata na mimi mwenyewe.

Mimi ni Syauswa Éliakim, mshambuliaji. Wa kulipwa, si wa kuokota. Mwaka wa tisini na nane nilitoka Mulekera, kule Beni, nikaenda kuchezea klabu moja ya Kampala. Misimu miwili, magoli thelathini na moja. Februari ya mwaka elfu mbili tulichukua kombe, na mkubwa mmoja wa jeshi la Uganda akanipa mkono mbele ya wapiga picha. Picha ikatoka gazetini. Mimi nacheka, yeye anacheka, mikono imeshikana.

Jeshi hilohilo lilikuwa limekalia Beni na Butembo.

Picha ikafika kwetu, ikaingia mikononi mwa wapiganaji wa msituni. Wakasema mtoto wa shemasi Éphraïm amewauza. Wakaja Mulekera mchana, wakaitia nyumba yetu moto. Mama alikuwa shambani. Baba alikuwa ndani.

Barua iliyonifikia Kampala ilikuwa na mistari minne. Wa mwisho ulisema hivi: lile gazeti watu waliliona sokoni Beni, mkononi mwa Mathe.

Mathe Zorobabel! Rafiki yangu, winga wa kushoto aliyenilisha mipira tangu tuna miaka kumi na mbili. Siku ya majaribio malaria ilimlaza, nikachukuliwa peke yangu. Nilimwahidi kwamba nitamwombea nafasi kwa kocha wa Kampala. Sikumwombea. Niliwaungamia hilo wiki mbili zilizopita na baadhi yenu mkaniandikia barua za matusi. Asanteni, nimezihifadhi.

Kwa hiyo nilijua kwa nini amefanya. Wivu. Na nilijua nitakachofanya.

Klabu moja ya Muscat, Oman, ilikuwa inaningoja, ndege yangu Jumatatu kutoka Entebbe. Nikaomba ruhusa ya siku chache niende Butembo kumwona mama, ambaye baada ya moto alihamia kwa dada yake. Sababu nzuri, na ya uongo. Nilikwenda kumtafuta Mathe. Nikamwomba kocha wangu wa zamani, Papa Kasonia, apange mechi ya kirafiki Jumamosi, Butembo na Beni, ili nikutane na mtu wangu uwanjani. Uwanjani ukimvunja mtu hupelekwi polisi, unapigiwa filimbi.

Wiki jana niliwaacha pale gari la timu ya Beni lilipofika uwanjani, na Mathe akashuka amevaa viatu vya baba.

Viatu hivyo nilivinunua mimi. Ngozi ya kahawia, kifungo cha shaba pembeni, namba arobaini na mbili. Baba alitembea miaka ishirini na sandali za tairi, akihubiri kwa watu wenye viatu. Machi nikavituma kwa dereva wa lori pamoja na kitenge cha mama, nikavijaza makaratasi mbele ili visibonyee njiani.

Sasa vilikuwa vinakanyaga vumbi la Butembo, na ndani yake kulikuwa na miguu ya Mathe.

"Umeona?" nikamwuliza Papa Kasonia.

"Nimeona nini?"

"Viatu ya baba. Aliua, kisha akaiba."

Papa Kasonia alikuwa mtu wa kelele, lakini hapo alishusha sauti. "Syauswa, ule mutu muongee naye kwanza. Mi nilisikia maneno ingine ku Beni."

"Maneno gani?"

"Mwenyewe atakuambia. Si mi njo napashwa kusema."

"Basi mutu asiseme. Mi nitasema na mguu."

"Ule mguu hauko tena wako, mutoto. Ni wa batu ba Oman. Ukiuvunja hapa, utabaambia nini?"

"Haitakuwa wangu wenye kuvunjika."

Mathe alikuja moja kwa moja kwangu. Jua la saa nane lilikuwa linachoma, lakini alivaa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi kwenye vifundo vya mikono. Nikajiambia moyoni, mwizi hujifunika.

"Syauswa, ndugu yangu. Ulisha kufika."

Nikageukia kamba za viatu vyangu.

"Niko na maneno ya kukuambia. Mbele ya mupira kuanza. Ni mafupi tu."

"Nyuma ya mupira."

"Nyuma ya mupira gari itatuacha. Tunapashwa kupita barrière ya askari mbele ya giza kuingia."

"Basi uniandikie barua. Ao hauandike? Najua unasoma magazeti tu."

"Njo vile unawaza?" akauliza.

"Njo vile najua."

Akatingisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoitarajia, kisha akanyoosha mkono.

"Nilishikaka mukono moja, ikaniulia baba," nikamwambia. "Ya pili siishike."

Nilikuwa nimeitunza sentensi hiyo tangu Kampala. Nilikuwa nimeijaribu mbele ya kioo. Ilitoka vizuri.

Mathe akaenda kukaa kwenye benchi lao. Alivua viatu polepole, akavipangusa vumbi kwa kiganja, akaviweka pamoja chini ya benchi na kuvifunika kwa taulo. Alivitunza kuliko ninavyotunza vyangu. Hilo likaniudhi kuliko wizi wenyewe.

Tukaanza.

Siku hizo Butembo haikuwa na raha nyingi, kwa hiyo uwanja ulijaa hadi kwenye mistari. "Professionnel! Professionnel!" waliniita, yaani mchezaji wa kulipwa, hata wale walionijua nikicheza pekupeku na mpira wa majani ya migomba. Askari wanne wa Uganda walikuwa wameketi juu ya ukuta, bunduki mapajani.

Dakika ya ishirini nikafunga. Mguu wa kulia, kona ya chini, kipa akabaki anatafuta.

Watu wakalipuka. Kisha wale askari juu ya ukuta nao wakapiga makofi, na makofi ya watu yakafa palepale. Nikabaki katikati ya uwanja na mikono juu, ninashangiliwa na watu wanne wenye bunduki.

Hilo nalo nikaliandika kwenye hesabu ya Mathe.

Yeye alicheza beki wa kati siku hiyo. Kila nikimjia anarudi nyuma, ananipisha, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Hakunigusa hata mara moja. Nilimsukuma bega, akameza. Nilimkanyaga vidole, akameza. Nikamwambia neno baya juu ya mama yake, akasema tu, "Cheza, Syauswa."

Mapumziko, Papa Kasonia akanishika mkono. "Toka. Ulisha pata goli yako, batu balisha kufurahi. Toka, nakuomba."

"Bado."

"Bado nini?"

"Papa, weye unajua bado nini."

Dakika ya sitini na kitu, kipa wetu akapiga mpira mrefu, ukadunda katikati yetu wawili. Safari hii Mathe alikuja, kwa sababu nyuma yake hakukuwa na mtu mwingine. Mpira ulikuwa wake. Nilijua kuwa ni wake.

Haya ni maungamo, si ripoti ya mechi, kwa hiyo nitasema wazi. Sikuufuata mpira. Niliinua mguu wa kulia, ule wa magoli thelathini na moja, nikaushusha kwa uzito wangu wote chini kidogo ya goti lake, pale mfupa unapokaribiana na ngozi.

Ulilia kama kuni kavu.

Na nilifurahi. Mnaosema kisasi hakina ladha, hamjakionja kikiwa cha moto. Furaha ilinijaa kuanzia tumboni hadi kooni, nikajizuia nisiimbe.

Mwamuzi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, akaja mbio, akapuliza filimbi, akanyoosha mkono. Faulo. Kwa faida yangu! Watu wakamzomea Mathe aliyekuwa anajikunja chini. "Anavunja professionnel! Mutoe!"

Nikainama juu yake, kwa nje kama mtu anayempa pole.

"Hii ni ya baba," nikamnong'oneza. "Mguu ingine nakuachia, utaenda nayo kutembeza magazeti."

Midomo yake ilikuwa imekauka. Akanishika ukosi wa jezi kwa mikono miwili, akanivuta karibu, na mikono ya shati, ambalo hakulivua hata kucheza, ikapanda hadi viwiko. Nikaona. Kutoka kwenye kifundo cha mkono kwenda juu ngozi ilikuwa imekunjamana, inang'aa, kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Mkono wa pili hivyohivyo.

Nikajiambia, vizuri. Moto uliouleta ulikulamba na wewe.

"Syauswa," akasema. "Hapana ambia mama yako."

"Nini?"

"Ni weye njo ulifanya. Hapana kumuambia. Ataumia mu roho asipone."

Nikacheka. Nilidhani ni aibu inasema. Nilidhani anaogopa mama yangu asimlaani.

Wakamlaza juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalobeba magunia ya viazi kutoka milimani. Wanne wakalisukuma, wa tano akimshikilia mguu usining'inie. Walimpeleka kwa wajomba zake, kwenye mteremko wa barabara, akaitwe fundi wa mifupa. Kila lilipopita jiwe nilimsikia.

Hakuna aliyekumbuka viatu chini ya benchi. Mimi nilivikumbuka.

Mama alikuwa uani kwa dada yake, anachambua maharage kwenye ungo. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti wa avoka. Nilikuwa bado na jezi na jasho, nikajihisi mwanaume kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikavitua viatu juu ya mapaja yake.

"Mama Hulda, nimekuletea zawadi."

Akavigusa kwa ncha za vidole. "Viatu ya baba yako."

"Njo vile. Vilirudi nyumbani."

"Nani amekupatia?"

"Hakuna mwenye kunipatia. Nilikamata."

"Na Mathe anatembea na nini sasa?"

Hapo nilipaswa kusimama. Hakuuliza Mathe yupi. Hakuuliza Mathe alivipata wapi. Lakini mtu aliyeshiba kisasi hasikii vizuri.

"Mathe hatembee tena, Mama."

Ungo ukapinduka. Maharage yakatawanyika hadi kwa mbuzi.

"Éliakim. Ulifanya nini?"

"Nililipa damu ya baba. Nilimuvunja mufupa mbele ya batu yote, na arbitre akanipatia faulo. Ungesikia vile ililia!"

Nilingoja anikumbatie, au alie, au angalau aseme wasingya, mwanangu, asante. Mama akainama. Akaanza kuokota maharage, moja moja, kisha akayaacha.

"Ile viatu," akasema, "ni mi njo nilimupatia."

"Weye?"

"Siku ya kumaliza matanga. Mwenye kuosha maiti njo anapata nguo yake na viatu yake. Mila ya nyumba yetu, ao ulisha kuisahau ku Kampala? Weye mutoto wake mwanaume moja tu, haukukuwa. Nani alimuosha baba yako? Mathe. Nani aliingia mu nyumba, paa inawaka, akamutosha angali na pumzi, viatu ku miguu? Mathe. Baba yako alifia asubui, mu mikono yake. Ile mikono haukuiona?"

Niliiona. Nimewaambia niliiona.

"Lakini gazeti, Mama! Batu balimuona nayo ku soko!"

"Balimuona."

"Sasa?"

Akasimama kwa kushika goti, akaingia ndani. Akarudi na kitabu chake cha nyimbo. Katikati ya kurasa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, nyeusi kwenye kona moja. Akaifungua juu ya paja, akainyoosha kwa kiganja. Karatasi ilikuwa na mikunjo mingi midogo, mikunjo ya kitu kilichofinyangwa na kushindiliwa mahali pembamba.

Nilikuwepo, nacheka, mkono umeshikana na mkubwa wa jeshi.

"Ilitoka wapi?" nikauliza.

"Mu viatu."

Sikuelewa. Au nilielewa na nikakataa.

"Mu viatu, mutoto wangu. Ulizijaza makaratasi. Nilitoa ya kushoto, ni bei ya kahawa. Nilitoa ya kuume, ni weye."

Pembeni mwa picha kulikuwa na mwandiko kwa kalamu ya buluu. *Goli la 27, la ubingwa.* Mwandiko wangu. Siku ile picha ilipotoka nilinunua nakala kumi, kwa majivuno yangu. Tisa niligawa. Ya kumi sikukumbuka niliipeleka wapi. Nilikuwa na haraka, dereva anapiga honi nje, viatu vinabonyea.

"Nilipiga magoti," mama akaendelea. "Nilikuwa miaka mbili sijaona sura yako. Siku ya Mungu nikaenda nayo ku kanisa, na kuku, kwa matoleo ya shukrani. Nikaiinua juu na mikono mbili. Nikasema, angalieni, Nyamuhanga, Mungu wetu, amenionyesha mutoto wangu. Batu bakapiga makofi. Bakaomba kuiona. Ikapita mukono ku mukono, benchi ku benchi. Ilipofika ku benchi ya nyuma, haikurudi."

"Nani alikuwa ku benchi ya nyuma?"

Mama akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Hata sasa? Hata sasa bado unatafuta mutu?"

Ndiyo, nilikuwa bado natafuta. Sitawadanganya. Kisasi changu kilikuwa kimesimama na mdomo wazi, na pale uani hakikuwa na mtu wa kula isipokuwa mimi na mama yangu.

"Mathe aliitafuta siku mbili," akasema. "Aliikuta ku soko, batu bameizunguka, akabanyang'anya. Njo pale balimuona nayo. Lakini benye kutaka kusoma balikuwa balisha kusoma. Kesho yake bakakuja; Mathe aliingia mu moto nayo mu mufuko, njo iliungua kona, kisha akanirudishia."

"Juu ya nini hakusema? Juu ya nini aliacha batu baseme ni yeye?"

"Nilimuambia aseme. Akakataa. Akasema, Mama Hulda, batu bakijua ni weye, bataimba mwanamuke aliua bwana yake. Bakijua ilitoka mu viatu ya Syauswa, Syauswa hatacheza tena mupira, moyo utamukufia. Acha baseme ni mi. Mi niko hapa, nitabeba."

Alikuwa na malaria siku ya majaribio. Sikumwombea nafasi. Nikamvunja mguu. Na alipokuwa chini, mfupa umetoka mahali pake, kitu alichoniomba ni nisimwambie mama yangu.

Na hili naliona haya kuliko yote. Nilitaka iwe kweli kwamba ni Mathe. Nilimtaka adui wangu arudi.

Hapo Papa Kasonia akaingia mbio, mkoba wangu begani mwake.

"Lori ya kahawa iko naenda! Inalala Beni, kesho uko Kasindi, kesho kutwa uko mu ndege. Panda!"

"Kuko nini?"

"Bajomba ba Mathe! Balisha kusikia ni weye njo ulikanyaga, si mupira. Bako sita, na mipanga. Banapanda hii njia. Éliakim, bile nakuambia, panda!"

Mama alikuwa ameshafika kwenye mti wa avoka. Alikuwa anafungua mbuzi wa dada yake.

"Mama, unafanya nini?"

"Naenda kwa bajomba."

"Batakukata!"

"Mutu akimwanga damu ya mutu, mbuzi inatangulia, mwenye kumwanga anafuata. Njo ile baba yako alifundisha batu, na mila na kanisa hazikupingana. Nitabaambia yote. Karatasi, kanisa, viatu. Mathe alibeba bya kutosha."

"Mama Hulda," Papa Kasonia akasihi, "ngoja hasira ishuke. Kesho mapema..."

"Kesho mutu ataniambia tena ningoje." Akavichukua viatu, akavibana kwapani. Kamba ya mbuzi mkono mmoja, kitabu cha nyimbo mkono wa pili. Mbuzi alikuwa anakula maharage yaliyomwagika, hakutaka kwenda, akamvuta. Mlangoni mwa ua akageuka.

"Éliakim. Utanifuata ao utanipita?"

Hakungoja jibu.

Honi ikalia barabarani. Papa Kasonia akanisukuma mgongoni, na miguu yangu, ile iliyofundishwa kukimbilia nafasi iliyo wazi, ikakimbia.

Ndiyo, nilipanda. Mlionitukana zamani, leo mnayo sababu.

Nilipanda juu ya magunia ya kahawa, mkoba ukatupwa nyuma yangu. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Professionnel! Mi siangalie nyuma. Ukitaka nisimame, gonga ku cabine mara moja. Ukitaka niende, gonga mara mbili. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana."

Lori likaondoka. Nikajiambia maneno yote ambayo mtu hujiambia. Kwamba ni mwanamke mzee, hawatamgusa. Kwamba nikifika Oman nitamtumia Mathe daktari. Kwamba nikibaki watakuwa na maiti mbili badala ya moja. Yote yalikuwa na akili, na sikuyaamini hata moja.

Barabara pale inashuka, inakata kona, kisha inakutana na njia ya wajomba. Kutoka juu ya magunia niliiona yote.

Wanaume sita walikuwa wanapanda. Mama alikuwa anashuka. Walikutana kwenye kona, hatua thelathini mbele ya lori.

Mama akaachia kamba. Mbuzi akakimbia vichakani. Mama akapiga magoti katikati ya barabara, akaviinua viatu vya baba juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, hivyohivyo alivyoiinua picha yangu kanisani.

Wanaume wakasimama. Wa mbele alikuwa na panga, na panga halikuwa chini.

Nikaona midomo ya mama inatembea. Sikusikia neno. Nikaona yule wa mbele ameacha kumsikiliza. Alikuwa anatazama juu yake, anatazama lori, anatazama juu ya magunia. Ananitazama mimi.

"Professionnel!" dereva akapiga kelele, mguu wake tayari kwenye mafuta. "Nisimame ao nipite pembeni?"

Niligonga mara moja.

Mkono wangu ulikuwa bado hewani, na dereva alikuwa bado anasikiliza kama kuna la pili.